Wiki ya Wajane

Mwinjilisti Ainebyona hakuwa mvivu, na hilo liwekwe wazi mapema, maana mengine yatakayosemwa hapa juu yake si ya kumpamba. Mtaa wa Kilutheri wa Kanyabugondo, upande wa Bweranyange, Karagwe, aliuongoza kwa mwaka wa tisa sasa, na katika miaka hiyo alikuwa ameichoka dini ya kukaa. Watu walikuja Jumapili wakaimba, wakasikiliza, wakatawanyika. Kesho yake mjane wa jirani akashinda peke yake anahangaika na migomba iliyolala chini. Ainebyona akasema hapana. Kanisa gani hili la kupasha mabenchi joto?

Ndipo alipoanzisha Wiki ya Wajane. Kila mwezi wa saba, jua likiwa kali na mashamba yakiwa makavu, waumini wenye nguvu walibeba mapanga yao wakapita kwa wajane kumi na mmoja wa mtaa, mmoja baada ya mwingine, wakapogolea migomba yao. Walikata majani makavu, wakapunguza machipukizi yaliyosongamana, wakakata maua dume, wakatandaza nyasi. Kazi ya kumtoa mjane jasho miezi miwili, wao waliimaliza kwa saa chache. Waliokuwa wameanza kusinzia kanisani wakaamka. Hata Wakatoliki wa jirani walikuja kusaidia, na nakuambia, Mkatoliki na Mlutheri wakishika panga huwezi kuwatofautisha. Mkuu wa jimbo alisikia, akafurahi, akaagiza Ainebyona aende Bugomora, kule Kyerwa, akawafundishe wainjilisti wenzake namna ya kuliamsha kanisa. Siku ilishapangwa, mwishoni mwa Februari.

Sasa sikiliza yaliyompata Kokushubira.

Huyu alikuwa mjane wa miaka sitini na nane, mwenye kibanja cha migomba mteremkoni, chini kidogo ya kanisa. Mumewe alizikwa humohumo kibanjani, katikati ya migomba, kama ilivyo desturi, na watoto wao watatu wako Mwanza na Dar es Salaam wakihangaika na yao. Migomba ndiyo iliyomlisha. Wiki ya Wajane ilipopita kwake mwezi wa saba, aliwabariki wote kwa majina. Mwezi wa kumi jani la katikati la mgomba mmoja likageuka njano, likavunjika. Likafuata jingine, na mgomba mwingine. Mikungu ikaanza kuiva kabla ya wakati, na ndizi ukizipasua, ndani zimeoza rangi ya kutu. Ukikata shina, linatoa usaha wa njano.

Mnyauko. Hakuna mtu Karagwe asiyeujua. Uliwahi kupita miaka ya nyuma, watu wakang'oa, wakafundishwa, ukaondoka, wakasahau. Kwa hiyo usidhani watu wa Kanyabugondo ni wajinga. Walijua kabisa kwamba ni ugonjwa. Lakini mtu anaweza kuujua ugonjwa na bado akauliza: kwa nini kwa Kokushubira, na si kwa Melkiory ambaye migomba yake inagusana na ya Kokushubira pale mpakani? Swali hilo lilizunguka kisimani, likazunguka kilabuni, kisha likaingia kanisani kwa mlango wa mbele. Na aliyelifungulia mlango ni Ainebyona mwenyewe.

Kwanza alikwenda kwa mama huyo na wazee wawili wa kanisa, wakaomba, wakaweka mikono juu ya mashina. Wiki mbili baadaye hali ilikuwa mbaya zaidi. Alirudi mara ya pili peke yake, akakaa naye barazani, akamwambia kwa upole, na upole ndio uliouma kuliko ukali: "Mama, sisi tumeomba. Sasa na wewe uchunguze moyo wako. Pengine kuna kitu Bwana anakudai."

Jamani, mtu wa miaka sitini na nane ukimwambia achunguze moyo wake, atakosa kitu? Hata wewe unayesikiliza, ukijichunguza leo, jioni utakuwa umeshapata. Kokushubira alijichunguza siku nne, akakuta mlamula.

Mlamula ni ule mmea wa mpaka. Ukishapandwa kati ya kibanja na kibanja, hauguswi. Lakini miaka thelathini iliyopita marehemu mumewe aliung'oa akausogeza hatua mbili ndani ya shamba la baba yake Melkiory, na Kokushubira aliona, akanyamaza. Jumapili moja ya Novemba alisimama mbele ya kanisa akasema yote kwa sauti, kisha akapiga magoti. Ainebyona alimshukuru Mungu kwa ushindi. Melkiory, ambaye ni mzee wa kanisa na mwenye neno la mwisho katika kila kikao, alimsamehe hadharani, na kesho yake akaenda kuurudisha mlamula. Marehemu aliusogeza hatua mbili. Melkiory aliurudisha hatua tano. Msamaha ule nao ulikuwa na miguu mirefu.

Na migomba? Ikaendelea kufa. Hapo ndipo Kokushubira alipoacha kuja kanisani. Hakugombana na mtu, hakumsema mtu. Alimwambia tu Kemilembe, mke wa mwinjilisti, walipokutana kisimani: "Nimetoa nilichokuwa nacho. Kama Mungu bado amekasirika, basi hanitaki. Na mimi sitaendelea kupiga hodi kwa mtu asiyenitaka."

Kemilembe alimfikishia mumewe maneno hayo kama yalivyo. Ainebyona akasema atamwombea. Kemilembe akamtazama, akaendelea kumenya ndizi zake.

Mwishoni mwa Januari akaja Vero. Vero ni afisa ugani mpya wa kata, binti wa Muleba, mwenye pikipiki na buti za mpira, na asiye na muda wa salamu ndefu. Mwenyekiti wa kitongoji alimwomba mwinjilisti amzungushe kwenye mashamba ya wajane, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akiyajua yote. Walianza na la Kokushubira. Mwenyewe hakuwapo, alikuwa amekwenda kuvuna maharage kwa watu, apate ya kupika.

Vero alikata shina moja, akatazama usaha, akatoa kiberiti cha gesi mfukoni na kuuchoma ubapa wa kisu chake pande zote mbili mpaka chuma kikabadilika rangi. Ndipo akakata shina la pili. Alifanya hivyo kwa kila shina, kama mtu anavyonawa mikono kabla ya kula.

"Nani alipogolea shamba hili mara ya mwisho?" akauliza.

"Kanisa," akajibu Ainebyona, na fahari kidogo ilikuwamo kwenye sauti yake, kwa nini tumfichie. "Tuna huduma ya wajane. Tunapita shamba kwa shamba."

"Mlichoma mapanga?"

Ainebyona akakitazama kisu cha Vero.

"Mkihama shina, au basi angalau mkihama shamba," Vero akaendelea. "Mwinjilisti, mlichoma?"

"Hatukuchoma."

"Mlianzia wapi?"

Akamtajia. Wanne wa kwanza, upande wa juu, hawakuwa na tatizo lolote. Wa tano alikuwa Evaresta, ambaye migomba yake ilianza kufa upande mmoja, karibu na choo. Wa sita Kokushubira. Wa saba naye alikuwa ameanza kulalamika tangu Krismasi. Kadiri alivyotaja ndivyo sauti ilivyompungua, maana aliyasikia mwenyewe yakitoka kinywani mwake. Kuanzia kwa Evaresta ugonjwa ulifuata ratiba ya kanisa, nyumba kwa nyumba, bila kuruka hata moja. Na Melkiory? Melkiory si mjane. Hakuna panga la kanisa lililoingia kwake.

"Na hawa wa nane mpaka kumi na moja?" Vero akauliza.

"Sijasikia kitu."

"Utasikia."

Alipomwonyesha mashamba yote, Vero alieleza la kufanya: walioharibikiwa kabisa wang'oe migomba yote, wapande mahindi na maharage kwa miezi kadhaa, ndipo warudishe machipukizi safi. Akawasha pikipiki akaenda. Hakumlaumu. Ingekuwa nafuu kama angemlaumu.

Waswahili walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakusema inakuwaje pale ambapo wewe ndiye uliyemo nguoni mwa mwenzako. Ainebyona alipanda mlima kurudi nyumbani akiwa na aibu mpaka masikioni. Maana hakuweza hata kujidanganya kwamba hakujua. Alijua. Siku ya kwanza ya Wiki ya Wajane, Julai ile, Mackrine, kiongozi wa kwaya, mwanamke makini, alimuuliza mbele ya watu wote: "Mwinjilisti, tusiwashe moto wa mapanga, kama zamani?" Naye akajibu: "Mackrine, tuko kwenye kazi ya Bwana. Tukikaa kuota moto kila shina, tutamaliza Krismasi." Watu walicheka, Mackrine akashika panga lake. Na kwa Evaresta, mwishoni mwa kazi, aliuona mgomba mmoja pembeni ya choo wenye jani la njano. Alisema ni jua. Akaukata kwa mkono wake, akafuta panga kwa nyasi, akawaongoza watu kuteremka kwa Kokushubira wakiimba.

Alimpitia Melkiory, akamweleza. Melkiory alisikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mlango wa sebule ndipo akasema.

"Ukilisema hili, umeliua kanisa. Nani atatufungulia shamba lake tena? Nenda Bugomora, wafundishe kuchoma mapanga, na huku tutaanza kuchoma kimyakimya. Mama yule tutampelekea gunia la mahindi. Yaishe."

Kusema kweli halikuwa shauri baya. Bugomora wangepona, wajane wangelishwa, na jina la kanisa lingebaki safi. Ainebyona aliligeuza kichwani siku mbili nzima akitafuta tundu, na tundu lilikuwa moja tu: Kokushubira. Gunia la mahindi lingeingia nyumbani kwake, naye angelipika na kulila akiendelea kuamini kwamba Mungu amemkataa. Hakuna aliyemtia imani hiyo ila yeye Ainebyona, kwa upole wake wa barazani.

"Unangoja nini?" Kemilembe akamuuliza siku ya pili, akiwa amebeba kuni.

"Nafikiri namna ya kusema."

"Yule mama zilimtosha siku nne."

Basi akaenda. Alimkuta Kokushubira uani, ameketi juu ya kigoda, anamenya viazi vitamu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwinjilisti. Kama umekuja kuomba, ngoja nimalize hivi."

"Sikuja kuomba. Nimekuja kusema jambo."

Akamweleza. Hakulizungusha, na hilo tumpe. Alianza na swali la Mackrine, akaja kwenye mgomba wa chooni kwa Evaresta, akaja kwenye nyasi alizofutia panga. Kokushubira alisikiliza bila kuacha kumenya. Alipomaliza, mama akauliza swali moja.

"Kwa hiyo Mungu hakunikasirikia."

"Hapana, mama."

"Lilikuwa panga."

"Panga. La kwangu."

"Na ulijua."

"Nilijua."

Kisu kikasimama. Kokushubira akatazama kibanja chake, migomba iliyovunjika viuno safu kwa safu mpaka chini mtoni. "Mimi nimemkosea marehemu," akasema. "Nimemwanika mbele za watu, yeye yuko kaburini hawezi kujitetea. Mpaka wangu umeliwa. Miezi mitatu naomba msamaha, mwinjilisti, asubuhi na jioni, mpaka nikachoka. Kumbe nilikuwa naomba msamaha wa kosa lako."

Ainebyona akapiga magoti palepale kwenye maganda ya viazi. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta.

"Inuka," Kokushubira akamwambia. "Magoti hayo yapeleke nilikoyapeleka ya kwangu. Jumapili."

"Jumapili mchungaji anakuja. Ni siku ya Chakula cha Bwana."

"Vizuri. Naye asikie."

Jumapili kanisa lilijaa, kama linavyojaa kila mara mchungaji anapokuja. Kokushubira aliingia akakaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Kabla ya matangazo, Ainebyona aliomba nafasi, akashuka kutoka mimbarani, akasimama chini, sakafuni.

"Mnyauko ulioingia kwa wajane wetu," akasema, "haukuletwa na shetani, wala na dhambi ya Mama Kokushubira. Uliletwa na mapanga ya kanisa, na panga la kwanza ni langu. Mackrine alinikumbusha kuchoma, nikamfanyia mzaha. Nilidhani kwa kuwa tuko kwenye kazi ya Bwana, hatuwezi kumdhuru mtu. Kisha mama wa watu alipoanguka, nikamwambia achunguze moyo wake. Nimemkosea yeye, nimewakosea wajane wote waliomfuata kwenye orodha, na nimemsingizia Mungu. Kesho asubuhi naanza kung'oa kwa Mama Kokushubira, kisha kwa Evaresta, na kuendelea. Kazi hiyo haina jina. Atakayekuja, aje na jembe, na tutawasha moto."

Usitegemee kwamba watu walilia wakakumbatiana. Melkiory alitazama mabati ya darini kama anayehesabu misumari. Mtu mmoja alifyonya, na alisikika. Mjane wa tisa, ambaye migomba yake bado ilikuwa ya kijani na sasa alijua itakuwaje, aliinuka akatoka nje na wajukuu wake, wala hakurudi kwa ajili ya meza ya Bwana. Ainebyona alimwona akitoka, na alijua ana haki.

Baada ya ibada mchungaji alimwita ofisini, akavua joho lake taratibu.

"Ungeniambia kwanza."

"Ningekuambia, ungenishauri ningoje."

Mchungaji akalitundika joho. "Ningekushauri ungoje," akakubali. "Bugomora nitawaandikia, hutakwenda mwezi huu. Ila nikuambie kitu. Huu ni mwaka wangu wa ishirini na mbili tangu nibarikiwe kuwa mchungaji. Nimesikia wahubiri wengi wakitubu kwamba wao ni wenye dhambi. Sijawahi kumsikia mmoja akitubu jambo lenye tarehe."

Jumatatu saa moja asubuhi walikuwa wawili tu kibanjani, yeye na Kemilembe. Wakaanza bila kungoja mtu. Saa mbili akaja Mackrine na karai la makaa kichwani, akalitua, akaweka kuni juu yake, akasema, "Leo tutaota moto, mwinjilisti," na Ainebyona akaupokea mzaha wake mwenyewe, maana ulikuwa umelala tangu Julai. Saa tatu walikuwa saba. Saa nne kumi na wanne, wakiwemo Wakatoliki wawili na Vero mwenye buti zake, aliyewaonyesha namna ya kuchimba shina mpaka kwenye mizizi ili lisichipue tena. Wengi walioimba mwezi wa saba hawakuonekana. Melkiory hakuonekana. Mlamula wake bado uko palepale kwenye hatua zake tano, na hilo ni kesi ya siku nyingine.

Kung'oa migomba si kama kung'oa mahindi, na mtu asikuambie ni mimea tu. Kila shina lina historia: hili lilitoka kwa mama mkwe, hili lililetwa siku mtoto wa kwanza alipozaliwa. Kokushubira alisimama akayataja moja baada ya jingine jinsi yalivyoanguka. Walipofika kwenye yale manne yaliyoliwekea kivuli kaburi la mumewe, Ainebyona alisimama akamtazama. Mama akaitikia kwa kichwa. Yalipokwenda chini, jua likapiga juu ya kaburi kwa mara ya kwanza, naye akalia kwa sauti, wanawake wakamshika. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Saa saba kibanja kilikuwa wazi mpaka mtoni. Unaweza kuona ng'ambo. Mapanga na majembe yakapitishwa motoni, na Kokushubira akatoa chakula: viazi vitamu na maharage ya kibarua chake. Kwa Mnyambo, mwenyeji wa huku, chakula kisicho na ndizi ni kama hujala, lakini hapo nani angefungua mdomo kuulizia ndizi? Wakakaa chini kwenye udongo mpya. Ainebyona akavua kofia, akakohoa kidogo, akainuka kuomba.

"Wewe kaa," Kokushubira akamwambia. "Hapa kwangu ulishaomba. Leo naomba mimi."

Akakaa. Mama akafumba macho, mikono yake ikiwa bado na udongo, akaomba kama anavyoongea na mtu aliyeko upande wa pili wa uzio.

"Baba, hawa ndio walioua migomba yangu, na hawa ndio niliowapikia. Washibishe. Wape nguvu wamalize kwa Evaresta kabla mvua haijaanza. Mwenye hasira aliyetoka jana kanisani, usimharakishe. Na mimi nimerudi. Amina."

Amina yao ilitoka nyembamba. Kisha wakanawa, wakala.